Mtani wa Mezani, Mtani wa Mtandaoni

Jumapili, 7 Machi 2004, Masuguru

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta mezani, tena msafara wetu ukiwa katikati ya nyika bila tone la maji. Kuntai akadai kwamba mtu wake ana haki ya kunywa, maana mabati yanalia na kila mtu anayasikia. Nikamwambia mvua ya Korogwe haiingii mchezoni mpaka msimulizi aseme, na msimulizi ni mimi.

Nimeamua kuandika masika haya yasije yakapotea kama ya mwaka jana. Mchezo wetu tunauita Msafara. Mwalimu mmoja mgeni, wa kujitolea, alipomaliza muda wake alituachia kitabu kisicho na jalada na madadu ya pande nyingi. Kitabuni mlikuwa na majoka na ngome za theluji. Tukavitupa. Sisi tuna wapagazi, mito, wezi wa chumvi na majumbe wasiopenda wageni. Kila mchezaji ana mtu wake anayemwigiza, anasema kwa kinywa chake na kuamua kwa akili yake, na likija jambo la bahati tunarusha dadu. Dunia iliyobaki naisimulia mimi. Naisimulia vizuri, na sioni sababu ya kujifanya sijui.

Wachezaji ni watatu. Hajira, mwalimu wa shule ya msingi kule Kwamndolwa, ndiye mwenye nyumba na meza. Anaigiza askari mzee asiyesikia vizuri. Kuntai anauza dawa za mifugo karibu na stendi. Kwao ni wafugaji wa Mkata, na kwa makusudi kabisa anaigiza tajiri anayeogopa ng'ombe. Simeo ni seremala, Msambaa wa maneno machache, na mtu wake ni mwizi. Dadu letu la pande ishirini lilipopotea, Simeo alichonga jingine la mpingo. Linapenda sana kutoa saba. Tumelizoea hivyo hivyo.

Mtu wa tano hachezi. Ni Bi Fatu, mama yake Hajira, anayekaa kwenye kigoda mlangoni na kopo lake la ugoro. Ukimkaribisha mezani anakohoa kwanza, halafu anasema, "Mimi sichezi, nasubiri chai tu." Leo msafara ulipofika mtoni na mwenye mtumbwi akakataa kuwavusha, ni huyo huyo asiyecheza aliyesema, "Mwulizeni habari za mama yake. Mtu akianza kumsimulia mama yake, anasahau ukali." Hajira akauliza. Dadu likatoa kumi na tisa, wakavuka.

Bi Fatu ni Mzigua, na babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa huku kukata mkonge, kwa hiyo sisi ni watani. Nikifika mlangoni ananiambia, "Mtumwa wangu, njaa imekuleta tena?" Nami namjibu, "Shikamoo, bwana wangu. Leo bada yenu, ugali wenu wa muhogo, kuleni wenyewe, nipeni mboga tu." Hapo ndipo mchezo unapoanza, kabla hata ya dadu.

Jumanne, 9 Machi

Mvua kutwa. Umeme hakuna. Nimelala kazini, kwenye intaneti kafe, kichwa juu ya kibodi.

Alhamisi, 11 Machi

Leo nimegundua jambo. Nicolaus, tajiri wangu, alikuwa fundi mitambo shambani. Shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji, wakapunguzwa yeye na baba yangu siku moja. Baba alinunua mbuzi. Nicolaus akanunua kompyuta zilizotumika na kufungua intaneti kafe. Mimi ndiye ninayeiangalia. Wateja wengi huja kusoma barua zao, wanatoka. Leo mmoja ameacha ukurasa wazi, nikasoma, na nikasahau hata kumfungulia mlango mteja aliyefuata.

Ni mchezo kama wetu, ila hauna meza. Unaitwa Kisima. Ni mji wa kubuni uliotengenezwa na wanafunzi wetu walio ugenini, na kila kitu ni maandishi, tena Kiswahili. Unachagua jina na mtu wa kuwa. Unaandika, "Anasukuma mlango, anaingia," na mtu mwingine, labda yuko Mwanza, labda yuko kwenye baridi Ulaya, anaandika, "Anamwinulia kikombe." Nimejiita Chausiku, mpagazi wa Kinyamwezi. Kufika saa za chai nilikuwa nimeshagombana na mlinzi wa lango na kumshinda.

Jumapili, 21 Machi

Badala ya kucheza leo nimewahutubia. Nimewaeleza jinsi Kisima kinavyoishinda meza. Kwanza hakisubiri Jumapili. Ukitoka, mji unaendelea kuishi, ukirudi unakuta watu wameoana na wameibiana. Pili, watu ni wengi. Tatu, hakuna anayekuona. Mezani Kuntai akisema "mimi ni tajiri mnene," tunaona mifupa yake. Mtandaoni ni tajiri mnene, basi.

Kuntai akauliza kama mle kuna ng'ombe. Simeo akauliza dadu linarushwaje, nikasema kompyuta inarusha yenyewe, na haipendi saba. Akalitazama dadu lake kwa huzuni, lakini akasema atakuja kuangalia.

Hajira alikataa kavu. "Mimi siwezi kutaniana na ukuta."

"Nyuma ya ukuta kuna watu."

"Watu gani? Unawajua kwao?"

Nikamwambia ndio, wengine hata kwao ni Handeni. Bi Fatu akakohoa. "Handeni ya nani?" akauliza, na nilipoanza kumjibu akasema yeye hachezi.

Ijumaa, 26 Machi

Nimepata mtani mle ndani! Anajiita Sempombe, mlevi wa sokoni, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Mimi Mzigua wa Handeni. Mnyamwezi, shusha mzigo, umsalimie bwana wako." Nikamwandikia kwamba Wazigua wamekula bada mpaka ubongo umekuwa bada. Soko zima likacheka, yaani waliandika kwamba wanacheka. Nimerudi nyumbani kwenye tope la goti nikitabasamu peke yangu.

Jumapili, 4 Aprili

Kuntai na Simeo wameshinda kafe leo, kila mmoja na kompyuta yake, wamekaa bega kwa bega na wanaandikiana. Nami nilikuwa humo. Jioni nilipita kwa Hajira kuomba radhi. Meza ilikuwa imefutwa, dadu la mpingo liko katikati, na vikombe vyote viko kwenye sinia.

"Leo chai ni nyingi," alisema Bi Fatu. Hakuniita mtumwa.

Ilinichoma, lakini sikuona kosa langu. Mtu haachi basi kwa sababu baiskeli imenuna.

Jumatano, 7 Aprili

Bi Fatu amekwenda Mkata kupalilia mahindi yake. Hajira anasema mama yake haamini jembe la mtu mwingine.

Jumapili, 11 Aprili, Pasaka

Kanisani, pilau, Kisima. Chausiku amechaguliwa kiongozi wa wapagazi.

Jumamosi, 17 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi nilipofungua Kisima nilikuta tangazo uwanjani. Sempombe ameandika kwamba amefiwa na mama yake. Si mama wa mchezoni, mama yake mwenyewe aliyemzaa. Chini yake watu wameandika pole, pole sana, pole ndugu, mstari baada ya mstari.

Sasa mimi nilifanya nini? Nilifanya nilichofundishwa. Kwetu Mzigua akifiwa, Mnyamwezi haji kuinamisha kichwa pembeni. Anakuja kuvuruga. Anavaa khanga ya marehemu, anatembea kama marehemu, anaziba mlango jeneza lisitoke mpaka alipwe kuku. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na kile kicheko ndicho kinachowawezesha kula siku hiyo. Baba yangu alipofariki, Bi Fatu aliingia kwetu na buti za baba na panga la baba, akamwiga alivyokuwa akiwahesabia wenzake mafungu ya mkonge, na mama yangu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akashika ukuta. Mtani asipofanya hivyo amemtupa mfiwa.

Basi nikaandika, "Chausiku anaingia matangani, amevaa khanga ya marehemu kinyumenyume. Anajilaza mlangoni. Anasema: Bibi huyu haendi popote. Alikuwa mchoyo wa bada, na kuku wangu hajanilipa. Leteni kuku au mzike nje ya kaburi." Na mengine. Niliandika kwa moyo wote, machozi yananitoka, nikijua nampa mwenzangu kitu ambacho wale wa pole pole hawakuwa nacho.

 Wakanishukia wote. Mtu gani huyu. Hana utu. Mchawi. Mmoja wa wasimamizi akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikaandika kwamba ni utani, yeye ni Mzigua, mwulizeni mwenyewe. Sempombe akaandika mstari mmoja tu: "Mimi si Mzigua. Sempombe ndiye Mzigua. Mama yangu hukumjua, mwache apumzike."

Baada ya hapo skrini ikaniambia Chausiku hana ruhusa ya kuingia Kisima.

Uzigua ulikuwa vazi. Na mimi, msimulizi mzima, ninayewakumbusha wenzangu kila Jumapili wasichanganye mtu na mtu wake, nilichanganya.

Jumatatu, 19 Aprili

Nicolaus ameuliza kwa nini nimewapigia kelele wateja. Nimesema jino.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimemweleza Hajira. Nilitegemea ataniambia "nilikuambia," nikajiandaa kugombana. Hakusema hivyo. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaweka kalamu chini.

"Tatizo si kwamba si Mzigua," alisema. "Hata angekuwa Mzigua ungekosea. Ulimwiga mtu ambaye hujawahi kumwona akitembea."

"Sasa ningefanyaje? Ningeandika pole kama wale?"

"Sijui. Mimi sichezi," akasema, kwa sauti ya mama yake. Sikucheka.

Jumapili, 2 Mei

Tumerudi mezani. Kuntai na Simeo wameacha Kisima kwa hasira kwa ajili yangu, ingawa naona Kuntai anakukumbuka kule alikokuwa mnene. Nilisimulia vibaya. Kila neno nililipima kabla ya kulitoa. Nilipoingia nilimwambia Hajira, "Hujambo, mwalimu?" Akanitazama kama nimemtukana.

"Mwalimu ni nani hapa? Mtumwa wangu yuko wapi?"

Nikasema kichwa kinaniuma. Ukweli ni kwamba ninaogopa ulimi wangu. Sijawahi kuuogopa tangu nizaliwe.

Jumapili, 9 Mei

Mvua kubwa. Mto umepanda. Hatukucheza.

Ijumaa, 14 Mei, Mkata

Bi Fatu amefariki leo alfajiri. Alitoka shambani jana akisema kifua kinabana, akalala, hakuamka. Hajira alipigiwa simu akiwa anajiandaa kwenda shule. Alikuja kwangu na nguo za kazini, mvua inamnyeshea, hana mwavuli. Hakuingia ndani.

"Mama amekwenda," alisema. "Nakuomba uje kama mtani. Usije kama rafiki, marafiki ninao."

Nilisema nitakuja. Sikusema nitakuja kama nani.

Tulipanda basi, sisi wanne, hadi Mkata kupitia Segera. Njia nzima sikuona kitu. Nilikuwa nawaza zile sauti za Kisima: hana utu, mchawi. Je, na huku wakinishukia? Kuna wajukuu kutoka Dar es Salaam, kuna mashemeji wa pwani, kuna vijana wa siku hizi ambao utani wanaujua wa mpira tu. Nikajiambia nitakaa na wanawake wenzangu jikoni, nitakata vitunguu, hakuna atakayenilaumu. Kuntai, ambaye kwao ni huku Mkata, akaniambia polepole, "Kwetu hatuna hicho kitu chenu, lakini yule mama alinicheka kila Jumapili. Nikifa mimi ningependa mtu anicheke." Simeo akaitikia kwa kichwa.

Kutoka barabarani tulitembea kwenye matope, katikati ya mahindi. Nusu ya shamba lilikuwa limepaliliwa kwa mistari iliyonyooka. Nusu nyingine majani.

Kwa kuwa mazishi ya Kiislamu hayachelewi, tulikuta maiti imeshakoshwa na jeneza liko tayari ndani. Hajira alikaa ukutani, macho makavu, hajala, hajalia. Dada zake walimletea uji, akausukuma. Nikaenda jikoni. Nikakata kitunguu kimoja.

Halafu nikakiona kigoda chake, alichokwenda nacho shamba. Kilikuwa mlangoni pa jikoni, na kopo la ugoro juu yake, na khanga yake ya kijani imening'inia msumarini. Nikafikiri: huyu nimemwona akitembea. Nimemwona akitembea Jumapili ngapi? Najua mguu wa kushoto ulivyokuwa unabaki nyuma, kama unakumbuka kitu. Najua alivyoshika kiuno kabla ya kukaa. Najua anakohoa kabla ya kusema uongo. Mle Kisimani sikuwa na chochote mkononi, nilirusha dadu gizani. Hapa ninaye mtu mzima, na nisipoyatoa mimi, yote hayo yatazikwa naye.

Nikavaa khanga. Nikabeba kigoda. Wanaume walikuwa wanainua jeneza, nami nikaja nikivuta mguu, mkono kiunoni, nikaweka kigoda katikati ya mlango, nikakaa, nikafungua kopo la ugoro. Mjukuu mmoja wa Dar alisema, "Huyu vipi?" Ndiyo sauti ile ile niliyokuwa naiogopa. Nikakohoa.

"Mnanipeleka wapi, nyie? Mimi siendi. Mimi sichezi, nasubiri chai tu."

 Kisha nikasikia kitu kutoka ukutani, nikadhani Hajira anakwamwa na pumzi. Alikuwa anacheka. Alicheka akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kile ambacho kilikuwa kimekataa tangu asubuhi. Wanawake wa Kizigua wakaitikia. Mzee mmoja akanifokea, "Mtumwa, ondoka njiani!" nami nikamwambia sitoki bila kuku, na huyu bibi nilikuwa namdai mboga. Akaletwa kuku, mwekundu, mkali, akanidonoa. Nikagombana naye mbele ya jeneza. Ndipo nikatoa kigoda.

Sisi wanawake tulibaki. Wanaume walipopotea kwenye mahindi, Hajira aliomba uji.

Nimeandika haya barazani kwao. Mvua imekatika kidogo. Sina hofu tena na ulimi wangu.

Jumapili, 23 Mei

Meza. Kigoda tulichokirudisha kutoka Mkata kiko mlangoni, kitupu, na tumekiwekea kikombe. Msafara umefika kwenye daraja lililovunjika, na mlinda daraja anakohoa kabla ya kusema. Sikuwaeleza ni nani. Askari wa Hajira alimpigia saluti.

Jumatano, 26 Mei

Nimemwandikia Sempombe kwa barua pepe, kupitia msimamizi mmoja mwenye huruma. Sikujitetea. Nilimweleza utani wa msibani ni nini, na nikamwambia nilikosea kumwiga mama nisiyemjua. Nikamsimulia na Bi Fatu.

Jumapili, 30 Mei

Leo mchezo tumeuhamishia kafe, kwa sababu jibu limekuja na sikutaka kulisoma peke yangu. Nicolaus amefunga mlango na kukaa nasi. Nimelisoma kwa sauti:

"Mimi naitwa Habakuki, kwetu Kitui, Kenya. Handeni sijafika, Uzigua niliuchagua kwa sababu ulinifurahisha. Siku ile ningekuwa karibu nawe ningekupiga. Lakini mazishi yalifanyika mimi nikiwa mbali, sikupata nauli ya ndege, na tangu siku ile nimesoma zile pole zote, hazina mtu ndani yake. Wewe peke yako ulisema mama alikuwa mchoyo, na kweli alikuwa mchoyo, wa sukari. Nilikasirika siku nzima, kisha nikacheka. Jumapili mchana nitakuwa kwenye kompyuta. Kama ule utani unaweza kufanyika ukichelewa, niufanyie."

Nilishika kibodi. Zamani ningeshaanza kuandika. Hajira akaniwekea mkono begani, lakini hakuhitaji, nilikuwa nimeshajua. Nikaandika:

"Ndugu Habakuki, kuku wangu umtayarishe. Ila kwanza niambie: mama yako alikuwa anatembeaje?"

Tukasubiri. Nje mitaro ilikuwa inamalizia maji ya masika. Simeo alikuwa anaviringisha dadu lake kiganjani. Kisha mistari ikaanza kuingia, mmoja mmoja. Alikuwa mfupi. Alivaa kandambili kubwa za baba, kwa hiyo alikuwa akiziburuta. Alikunja ngumi hata alipokuwa na furaha. Alikuwa akisimama ghafla njiani, anageuka nyuma kuangalia kama kuna anayemfuata, na mara zote aliyemfuata alikuwa Habakuki.

Nikasimama. Nikaazima kandambili za Nicolaus. Nikakunja ngumi, nikaanza kuburuta miguu katikati ya kafe, kati ya kompyuta na mlango, na nilipofika mlangoni nikasimama ghafla nikageuka nyuma. Kuntai alicheka akapiga meza. Na Hajira, aliyesema hawezi kutaniana na ukuta, alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anamwandikia yote, neno kwa neno, ninavyotembea.